Pikipiki Iliyokaa Chini ya Mkorosho

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Mikindani mbele ya kikundi cha mafundi pikipiki na madereva wa bodaboda. Waliokosa nafasi ukumbini waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti wa kikundi, mafundi, madereva, na nyinyi wazee mliokaa kule nyuma karibu na birika la chai: shikamooni. Vijana, hamjambo? Haya.

Nimepewa nusu saa. Waliosoma kwangu wamo humu, nawaona, na wanajua nusu saa ya mwalimu ina dakika ngapi. Nimeombwa nieleze nilivyoifufua pikipiki ya marehemu mjomba wangu, ile Yamaha mliyoiona ikipita hapa na moshi wake, mkaulizana kama mzee anaendesha au anafukuza mbu. Nitaeleza. Ila mjue mimi si fundi. Nimefundisha fizikia hadi nikastaafu, na fizikia ya ubaoni haishiki kutu. Nikikosea jina la kifaa nirekebisheni, lakini msipige kelele wote kwa pamoja.

Pikipiki yenyewe ni DT125 ya miaka ya sabini, yenye shokapu mbili nyuma. Injini ni tustroki, yaani inawasha kila pistoni inapopanda, ya silinda moja: pistoni ina kipenyo cha milimita 56, inapanda na kushuka milimita 50, ukipiga hesabu unapata sentimita za ujazo 123. Gurudumu la mbele inchi 21, la nyuma 18. Eksozi haikupita chini kama ya Boxer zenu. Imepandishwa juu, ikapita ubavuni, ili isigonge visiki wala kunywa maji ya mtoni.

Leo hilo ni jambo la kawaida, lakini lilikuwa na mwanzo wake. Zamani mtu aliyetaka kwenda porini na pikipiki alichukua ya barabarani, mara nyingi ya Kiingereza, nzito kama ng'ombe, akaipandisha eksozi na kuivalisha matairi ya meno. Mwaka 1968 Yamaha wakatoa DT-1 ya cc 250, nyepesi, iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya njia mbaya, wakaiuza kwa mtu wa kawaida, Marekani hasa. Ukoo wa DT umeanzia hapo. Ndugu yake mkubwa, XT500, ambaye yeye ni fostroki, yaani mwenye valvu kama bodaboda zenu, ndiye aliyeshinda mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar, Januari 1979, akiendeshwa na Mfaransa Cyril Neveu. Mimi Januari ile nilikuwa darasa la saba. Dakar sikujua iko wapi. Nilichojua ni kwamba mjomba anatoka Tandahimba asubuhi, anafika kwetu upande wa Nanyamba kabla ya adhuhuri, mchanga wote ule, na nguo yake nyeupe bado unaweza kuiita nyeupe.

Mjomba alikuwa bwana shamba. Wazee wanakumbuka hali ya korosho miaka ile. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya kama tani 145,000. Kufikia 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walihamishiwa vijijini wakaacha mikorosho mbali na nyumba, bei ikawa ya kukatisha tamaa, halafu ukaja ubwiri unga ukakausha maua. Mjomba alipita shamba kwa shamba na pikipiki ile akiwafundisha watu kupulizia salfa. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini nimehangaika na chuma chakavu wakati pikipiki mpya zipo dukani, jibu ninalo, lakini ni refu na nina nusu saa.

Niliikuta imeegemezwa kwenye mkorosho nyuma ya jiko la mkazamjomba, bati bovu juu yake, imekaa miaka 22. Kuku alikuwa anatamia kwenye mabaki ya kiti. Tairi la mbele lilikuwepo, limepasuka. La nyuma halikuwepo kabisa. Jirani alikwisha kulivaa, makatambuga, likaishia miguuni mwake. Kwa mila zetu Wamakonde mpwa ana haki yake kwa mjomba, mnajua, lakini sikwenda kudai. Nilikwenda kuomba. Mkazamjomba akanitazama, akamtazama kuku, akasema: "Chukua. Ila nataka niisikie tena." Akaeleza kwamba zamani akiisikia inapanda kule bondeni alikuwa anateleka maji ya ugali. Mjomba akifika, maji yamechemka. Hakuwahi kukosea, na hakuwahi kuwa na saa.

Mkumbuke neno hilo, nitalirudia.

Sasa, kazi. Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilipoifikisha hapa Mikindani nilipiga kiki siku hiyo hiyo, mbele ya wajukuu. Kiki haikushuka hata inchi. Injini imeganda. Na tustroki kuganda ni rahisi, kwa sababu haina valvu za kufunga mlango. Ina matundu kwenye ukuta wa silinda, na mlango ni pistoni yenyewe. Ikisimama miaka mingi, hewa yenye unyevu inapita kwenye eksozi moja kwa moja mpaka ndani, ringi, zile pete za pistoni, zinaota kutu na kushikana na ukuta. Mimi, mwalimu wa fizikia, nikachukua mpini wa jembe na nyundo nikaanza kugonga pistoni. Pigo la nne likaenda pembeni, pezi moja la silinda likadondoka kwenye sakafu, tiii. Sauti hiyo naisikia mpaka leo. Pezi lile ninalo, nimelileta, lizungusheni mlione. Halikurudi mahali pake na sitaki lirudi.

Baada ya hapo nikatulia. Nikachanganya oili ya haidroliki na mafuta ya taa, nikamimina juu ya pistoni, nikaacha. Kila jioni naongeza kidogo, naweka kipande cha mti laini, nagonga kama unavyobisha hodi kwa mkwe. Siku ya tisa ikasogea upana wa ukucha. Ikishasogea upana wa ukucha, nyingine ni subira.

Wakati nasubiri nikafungua sehemu nyingine, na hapo niliwapatia wale wanaoniita mzee wa picha sababu ya kuniita hivyo. Kabla ya kugusa nati, napiga picha kwa simu. Waya unapita mbele ya bomba au nyuma? Picha. Shimu iko upande gani? Picha. Kila kilichotoka kinaingia kwenye kopo la maziwa lenye karatasi imeandikwa. Mtaniambia nyinyi mnakumbuka vyote kichwani. Sawa, mnafungua Boxer asubuhi mnaifunga mchana. Hii niliifungua Juni nikaifunga Machi, na kati yake nikapata malaria na harusi ya binti.

Na skrubu. Jamani, skrubu! Skrubu za Kijapani za wakati ule zina msalaba unaofanana na wa bisibisi zetu za nyota, lakini haulingani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai mpaka chini. Ukizungusha kwa nguvu inapanda na kula kichwa. Ndiyo maana pikipiki nyingi za Kijapani za zamani mnazikuta na vichwa vya skrubu vimekuwa vidonda. Si kwamba chuma chao kilikuwa laini kama mnavyosema. Bisibisi ndiyo si yake. Ukikosa ya kwao, saga ncha ya ile ya kwako kidogo sana ikae chini, au tumia bisibisi ya kugonga na nyundo. Niliharibu vichwa vitatu kabla sijalijua hilo.

Ndani ya injini nilianza kukutana na watu. Nasema watu kwa sababu kila fundi aliyepita mule aliacha alama yake. Mmoja alitumia pakiti la sigara kuwa gasketi chini ya silinda. Maandishi yalikuwa bado yanasomeka. Mwingine aliziba mpira wa kabureta kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na waya wa shaba. Mwingine aliitoa pampu ya oili, akafunga bamba la bati mahali pake. Nikawa nacheka, nasononeka, nawatukana kimoyomoyo. Halafu nikafungua kifuniko cha klachi. Ndani yake, mahali ambapo hapaonekani na mtu asiyefungua, kuna mkono ulioandika kwa msumari: *ringi mpya 84*.

Hapo nilinyamaza. Mwaka 1984! Vijana hamjui. Mwaka uliotangulia kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, maduka meupe, sabuni unaisikia redioni. Fedha za kigeni hazikuwepo. Barabara ya kwenda Dar es Salaam sehemu kubwa haikuwa na lami, wala daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, halikuwepo. Mlikuwa na kivuko cha Rufiji, na mvua ikinyesha, Kusini kilikuwa kisiwa. Huyu mtu ringi za Yamaha alizipata wapi? Na alipozipata, akaona ni habari ya kumwandikia fundi atakayefuata. Pakiti la sigara lile sasa nikaliangalia kwa jicho jingine. Alichonacho ndicho alichotumia, na ilikwenda.

Tangu siku hiyo nikajiwekea sharti: kabla ya kung'oa alichofanya mwenzangu, najiuliza alikuwa anatibu nini. Sharti hilo nililivunja mara mbili, na mara zote mbili nililipa. Nitawaambia.

Mara ya kwanza ni sproketi ya nyuma. Nilihesabu meno, yakazidi manne yaliyoandikwa kwenye kitabu. Nikasema huyu fundi aliokoteza tu. Nikatafuta ya kitabuni, nikalipa, nikaifunga, mnyororo mpya unang'aa. Lamini ilikwenda kama mshale. Nilipoingia mchanga wa njia ya kijijini, gia ya kwanza ni nzito, ya pili inakata roho, nikashuka nikasukuma mita mia nne juani na watoto wananisaidia kwa kuimba. Meno mengi nyuma maana yake mwendo mdogo na mvuto mkubwa. Nimelifundisha hilo darasani kwa baiskeli kila mwaka! Kitabu kiliandikwa na mtu asiyewahi kubeba salfa kwenda Tandahimba. Sproketi ya zamani nikairudisha.

Mara ya pili nimeiweka mwishoni.

Sasa niwaambie nilikopata msaada, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Nilizunguka kwenu wote, msikatae. Kila kijiwe nilichofika fundi anaisikiliza, anainusa, anauliza: valvu zake zinarekebishwa wapi? Hazipo. Siwalaumu, pikipiki zote mnazotengeneza ni fostroki. Nikakata tamaa. Jioni moja nimekaa pale ufukweni kununua samaki, nasikia mashine ya boti inawaka. Prrrrr! Nikashtuka. Sauti ile ile, moshi ule ule, harufu ile ile ya utoto wangu. Tustroki! Kumbe ufundi niliokuwa nautafuta mjini umelala mchangani, mikononi mwa mafundi wa mashine za boti. Na wenzao wa pili ni hawa wanaotengeneza mashine za kupulizia salfa, zile za kubeba mgongoni. Nazo ni tustroki. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi imejaa mafundi wa tustroki, ila hakuna hata mmoja anayejiita fundi pikipiki. Hata oili ya kuchanganya na petroli usiitafute kwenye maduka ya vipuri vya bodaboda. Iko kwenye maduka ya wavuvi.

Fundi wa boti niliyempata ni mtu wa maneno machache. Silinda nilikuwa nimeituma mbali kwenda kuchongwa, kwa sababu ilikuwa imeliwa, na pistoni za kuzidisha zinakuja kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Ilirudi inang'aa kama kioo. Nikampelekea kwa fahari. Hakuiangalia. Aliingiza kidole, akapitisha ukucha kwenye kingo za yale matundu, taratibu, moja baada ya jingine, akiwa anatazama baharini. Akasema: "Hapa patakula ringi." Waliochonga waliacha kingo kali kama kisu. Ringi ikipita kwenye tundu inatanuka kidogo kuingia mule, na kingo ikiwa kali inainasa na kuivunja. Alikaa na tupa ndogo ya mviringo na msasa laini saa nzima, analainisha kingo tu, hagusi ukuta. Halafu akanionyesha kipini kidogo kwenye mfereji wa pistoni ambacho ncha za ringi zinapaswa kukikumbatia ili ringi isizunguke na ncha yake isinase kwenye tundu. Mambo hayo kwenye fostroki hamna haja nayo. Alitaka malipo gani? Nimsomeshee mtoto hesabu za darasa la saba. Nikamsomeshea.

Nilipoifunga na kuiwasha ikawaka kwa kiki ya sita. Furaha ilidumu kama nusu dakika. Ikaanza kupanda mlio yenyewe, mkono wa mafuta nimeuachia, inalia tu, inapanda, wajukuu wanakimbilia ndani. Nikaizima kwa kuikaba kabureta kwa kiganja. Nikadhani waya wa mafuta umenasa. Fundi wa boti akaja na brashi na oili kidogo, tukaitoa flaiwili, hapana, nasema vibaya: alitazama kwanza pande zote kwa brashi ikiwa inawaka, na alipopaka oili usawa wa upande wa magneti mlio ukashuka. "Inavuta hewa hapa." Sababu ni mimi. Chini ya pistoni ya tustroki, pale kwenye krenki, pana kazi ya pampu: petroli na hewa vinavutwa mle, vinabanwa, vinasukumwa juu. Lazima pabane kabisa. Sili za krenki ndizo zinazozuia, na mimi sili ya upande ule niliisukuma kwa bisibisi ikakatika mdomo. Hewa ya wizi ikiingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inakimbia, moto unapanda, pistoni inavimba na kung'ang'ania. Mashine ya boti inaweza kukugandia katikati ya ghuba namna hiyo. Sili mpya niliiweka kwa kipande cha bomba chenye kipenyo chake, ikaingia sawasawa pande zote.

Flaiwili nayo inataka pula yake, kifaa cha kuivutia nje. Kuna mtu atakuambia igonge kidogo tu. Usigonge. Unatikisa sumaku na unaweza kuipinda krenki, halafu utashangaa beringi zinakufa. Ukishaitoa unaona platini, zile ncha zinazokata umeme ili plagi itoe cheche. Safisha, weka nafasi kama milimita 0.35 kwa filageji, kile kipimo cha mabati membamba, na kama platini zinatoa cheche nyingi za buluu, badilisha kondensa kabla hujaanza kuilaumu koili. Umeme wake ni volti 6. Balbu ya volti 12 itawaka kama kijinga cha moto, mkasema taa mbovu.

Ile pampu ya oili iliyotolewa sikuirudisha. Yamaha walianza kuitumia mwaka 1964, wakaiita Autolube: oili ina tanki lake, pampu inapima yenyewe kadiri unavyovuta mafuta. Jambo zuri. Lakini pampu iliyokufa kimya inaua injini kabla hujajua. Mjomba alichanganya kwa mkono. Alikuwa na chupa ya soda imefungwa kamba, ya mililita 300. Chupa moja kwa lita sita za petroli, yaani moja kwa ishirini. Oili za sasa ni nzuri zaidi na hazihitaji wingi huo, najua, mmeshaniambia. Moshi ule mnaoulalamikia ndio chupa ya mjomba. Nitapunguza. Na niseme ukweli: dunia haikuziacha tustroki kwa chuki. Sehemu ya petroli inatoka kwenye eksozi kabla haijaungua, pamoja na oili. Sitaki kuona bodaboda elfu moja za namna ile Mtwara mjini. Moja ya Jumapili inatosha.

Tanki. Ndani kulikuwa na kutu ya kuchota kwa kijiko. Niliingiza mnyororo wa zamani na changarawe, nikalitikisa mpaka mke wangu akauliza kama nimeanzisha ngoma. Kisha nikalijaza siki, siku tatu. Kijana mmoja akanishauri nitumie maji ya mabibo, yana ukakasi unaoshika kutu. Nikajaribu kwenye kikopo. Matokeo sikuyaona, kwa sababu siku ya pili jirani alinijia na kikombe akidhani napika uraka, pombe ya mabibo. Nikarudi kwenye siki. Siri iko mwishoni: ukimwaga siki, suuza na maji ya magadi kuua ukali, kausha juani haraka, na papo hapo zungusha oili ndani. Ukienda kunywa chai kwanza, ukirudi tanki limeshaota kutu mpya ya rangi ya chungwa. Hewa ya bahari haisubiri mtu. Na tanki linalovuja msilipeleke kwa mchomeleaji kabla halijaoshwa na kujazwa maji. Mvuke wa petroli hauna utani.

Kwenye kasha la chujio la hewa nilikuta unga wa njano, umeganda kama mkate. Salfa. Miaka ishirini na kitu, bado ipo, na kila ulipokuwa umegusa chuma na unyevu pametobolewa. Nyinyi mnaobeba salfa kila msimu wa kupulizia, fungueni chujio zenu jioni. Siongezi.

Breki nitazitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ya afya: breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lowesheni kwa maji, futeni, mtupe kitambaa. Ya pili ni ya kujivunia kidogo. Yale mafuta makali ya maganda ya korosho, yanayowachubua mikono mama zetu wanaobangua, viwandani yanageuzwa kuwa gundi ngumu na unga unaotiwa ndani ya lainingi za breki na za klachi, kwa sababu yanastahimili joto la msuguano. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mtu anakanyaga breki huko ughaibuni na anachokikanyaga kimetoka kwenye mkorosho. Sisi huku maganda tunayachoma.

Rangi sina mengi. Nilipaka wakati wa kusi, hewa ikiwa kavu, kwa sababu ukipaka siku ya unyevu rangi inapauka kama imemwagiwa maziwa. Mikwaruzo ya tanki upande wa kushoto, pale goti la mjomba lilipokuwa linasugua, sikuigusa. Gharama zote zimeandikwa kwenye daftari, na daftari liko mahali ambapo mke wangu, aliyekaa pale mstari wa pili, hapajui.

Haya, mara ya pili niliyovunja sharti. Eksozi ilikuwa na tundu kwa chini, karibu na mwisho, ukubwa wa kitufe cha koti. Nikasema kutu. Nikampelekea mchomeleaji, tena mchomeleaji hodari, akaliziba, akasaga, ukipitisha mkono hujui palikuwa na tundu. Eksozi ikatoa sauti safi, ya kiwandani.

Jumapili moja baada ya sala nikaipeleka Nanyamba. Sproketi ya zamani iko mahali pake, mchanga naukata, bondeni nikapandisha gia kama alivyokuwa anapandisha yeye, nikaivuta ilie vizuri. Nilijua anasikia. Nilifika uani nikaizima. Kimya. Mkazamjomba yuko jikoni, anapeta mtama, hakuinuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na nini?"

"Hukuisikia?"

"Nimesikia. Nilidhani watu wa salfa."

Akatoka, akaizunguka, akaligusa tanki pale pa goti. Akaniambia niiwashe. Nikaiwasha. Akatega sikio, akatikisa kichwa. Akasema ya mumewe ilikuwa inakohoa. Ikipandisha bondeni inakohoa mara mbili, halafu inanyooka. Hii haikohoi. Na akanikumbusha jambo ambalo hakuna kitabu kingeniambia: tundu lile mjomba alilitoboa mwenyewe kwa msumari, kwa sababu maji ya mto yalikuwa yanabaki kwenye eksozi na kuiozesha. Lilianza dogo, likatanuka.

Maji ya ugali hayakutelekwa siku ile. Nilipewa muhogo wa kuchoma.

Nimerudi kwa mchomeleaji mara tatu nikimwomba alitoboe tundu upya. Amekataa. Anasema hajawahi kutoboa kazi yake kwa mikono yake mwenyewe, na kama ni kukohoa nimpeleke bibi akamsikilize fundi mwingine. Yumo humu ukumbini. Yule pale karibu na mlango, mwenye kofia, anayejifanya anaangalia simu. Mwenyekiti, muda wangu naona umekwisha. Naomba kikundi kinisaidie kuongea naye.